Jivu la Menengai Laenda Olenguruone

Wahenga hawakupayuka waliposema mcheza kwao hutunzwa. Ugenini utapigiwa makofi hadi mikono iwashe, lakini tuzo inayoingia moyoni hutoka kwa waliokulea.

Cherop aliyajua makofi ya ugenini. Miaka tisa iliyopita, yeye na Harun, mpiga ngoma, walianzisha Jivu la Menengai, bendi ya kwanza ya death metal mjini Nakuru, katika chumba kimoja cha mtaa wa Bondeni. Gitaa zilinguruma, ngoma zikaenda mbio, naye Cherop akaimba kwa sauti nzito ya kutoka tumboni. Siku ya kwanza majirani walileta sheikh na mchungaji kwa pamoja, wakidhani kuna mtu amepagawa. Harun aliwakaribisha chai. Baadaye bendi ilivuma Nairobi, Kampala, hata Ujerumani. Kwao Cherop, Olenguruone, ndiko bendi haikuwahi kutia mguu, na mama yake, Jebet, hakuwahi kuisikia. Jambo hilo lilimkaa Cherop kooni kama mwiba wa samaki.

Hatimaye walialikwa kutumbuiza huko siku ya mnada wa ng'ombe.

"Wakinikataa hapa, Harun, naachana na muziki," Cherop alisema.

"Basi tuanze na zile pole pole," Harun akamtuliza. "Tusishtue wazee."

Hapo ndipo walipokosea. Wimbo wa kwanza ulipita kama uji usio na sukari. Wa pili ulipoanza, watu walirudi kukagua ng'ombe. Machozi yalimlenga Cherop. Ndipo Jebet alipokuja mbele ya jukwaa, mikono kiunoni.

"Cherop, hiyo ni nini unaimba? Koo imefungana?"

"Mama, nilidhani hamtapenda ile ingine."

"Ile ulikuwa unafukuzia nyani kwa mahindi mpaka wanakimbilia msitu wa Mau? Si hiyo ndio tumekuja kusikia? Toa hiyo."

Harun hakungoja kuambiwa. Ngoma zilimiminika kama mvua ya mawe juu ya mabati, na Cherop akaunguruma. Fahali mmoja alikata kamba akatoroka, wala hata mwenyewe hakumfuata. Wazee waligonga fimbo chini, vijana wakatikisa vichwa, akina mama wakapiga vigelegele. Cherop aliimba huku akicheka, kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye jukwaa lolote.

Wimbo ulipokwisha, Jebet alipanda jukwaani akiwa na sinendet, ule mmea wa kijani utambaao ambao Wakalenjin huwavika mashujaa wao shingoni. Alikuwa ameukata alfajiri, kabla hajasikia wimbo hata mmoja. Alimvika bintiye, kisha akamvika Harun wa Bondeni, naye akahesabiwa mwana wa pale. Cherop alilia mbele ya watu wote bila haya. Makofi ya Ujerumani yalikuwa matamu, ila hayakuwahi kumvika kitu shingoni. Hakika, mcheza kwao hutunzwa.