Mlinzi wa Lango na Jina la Mwenzake

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mpakani, upande wa kaskazini wa nchi ya Sham, aliishi askari mkongwe aitwaye Dhakwani bin Musafiri. Miaka ishirini kabla ya kisa hiki, mji ule ulizingirwa na adui kwa siku thelathini na saba. Siku ya mwisho lango lilivunjwa. Waliokuja kuusaidia mji walimkuta Dhakwani amelala kizingitini, mkono wake wa kulia umekatwa juu ya kiwiko, na adui hakuwa amepita. Tangu siku hiyo akaitwa Mlinzi wa Lango.

Watu wa mji hawakuwa watovu wa shukrani. Kila Ijumaa walimpisha safu ya mbele, na khatibu alimtaja kwa dua. Lakini Dhakwani kila akisifiwa aliinamisha kichwa, na swala ikiisha alitoka upesi bila kuzungumza na mtu. Mwishowe watu wakanong'ona kwamba ana majivuno. Wakaendelea kumsifu, ila kwa mbali, na hakuna aliyekwenda kumpigia hodi.

Jirani yake alikuwa mfinyanzi mcha Mungu, jina lake Shuraihi, na mkewe Lubaba. Siku moja karibu na Alasiri, Lubaba alichungulia juu ya ukuta wa ua akamuona mzee anatawadha. Alikuwa amebana gudulia kwa magoti, analiinamisha ili maji yamwagikie mkono wake mmoja. Maji yakapotea mchangani. Akaanza tena, yakapotea tena, na hakulalamika.

Lubaba akarudi kwa mumewe machozi yakimlengalenga. "Mume wangu," alisema, "yule mtu tumemsifu miaka ishirini, na hatujamuuliza hata siku moja anatawadhaje."

Shuraihi akainuka. Akaenda kwenye udongo wake, akafinyanga mtungi wenye kitako kipana, na chini ubavuni akauwekea tundu dogo la kuzibwa kwa kijiti. Ulipokauka na kuchomwa, akaujaza maji na kumpelekea jirani yake, akauweka juu ya jiwe. Dhakwani akachomoa kijiti. Maji yakatiririka taratibu juu ya kiganja chake. Akakaa akiyatazama mpaka Shuraihi akaona haya, akageuka pembeni.

"Allah akujazi kheri," mzee alisema. "Wengi wamenisifu. Wewe umeniangalia."

Tangu hapo akawa mgeni wao kila Ijumaa mchana. Lubaba alikuwa akiikata nyama jikoni kabla sinia halijaandaliwa, ili asiwepo mtu wa kumkatia mzee mbele ya macho ya wengine. Walikula, wakazungumza habari za mvua na za bei ya ngano, wala hawakumuuliza juu ya vita. Ijumaa ya nne, walipokwisha kunawa, Lubaba alisema kwa upole, "Ami Dhakwani, siku ile langoni ulikuwa na nani?"

Mzee akamtazama. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo," akasema. "Nilikuwa na Habashi bin Numeri. Kijana mrefu, mwoka mikate, mgeni katika mji huu. Alikuwa na kigugumizi, watu wakimcheka sokoni, lakini akisoma Kurani ulimi wake haukukwama hata kwa herufi moja. Lango lilipovunjwa, mimi nilikimbia."

Lubaba akamsogezea mzee maji ya kunywa.

"Nilikimbia mpaka kisimani. Pale nikamsikia Habashi anasoma, yuko peke yake, na sauti haikatiki. Nikamuonea haya Mola wangu, nikarudi. Nilimkuta bado amesimama, damu imemjaa miguuni. Alipoanguka, nikaulalia mwili wake wasiukanyage, na hapo ndipo nilipokatwa mkono. Msaada ukafika. Lango alilishika yeye, si mimi."

"Na hukuwaambia watu?" Shuraihi aliuliza.

"Niliwaambia nilipozinduka. Wakasema, tazameni unyenyekevu wake! Nikawaambia tena, wakazidi kunisifu. Mara ya tatu nikanyamaza." Akafuta uso kwa ncha ya kilemba. "Na kunyamaza kulikuwa kutamu, Mungu anisamehe. Sasa liwali amejenga lango jipya, na Ijumaa ijayo atachonga jina langu juu yake. Nimeazimia kuuhama mji kabla ya siku hiyo."

Shuraihi akamwambia, "Ukihama, jina litachongwa vilevile, na kila apitaye atasoma uongo. Sema, ami yangu. Safari hii hutasema peke yako."

Basi Ijumaa ikafika. Baada ya swala watu wakakusanyika langoni, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Fundi alikwisha kupanda na patasi yake. Dhakwani akasimama, Shuraihi ubavuni mwake, upande wa mkono uliokatwa. Akaeleza yote, hakuacha hata zile mbio za kisimani.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Subhanallah, unyenyekevu ulioje!"

"La, wallahi!" Dhakwani alisema. "Nakuombeni, msininyang'anye ukweli wangu tena. Nilikimbia. Habashi hakukimbia."

Watu wakatazamana. Wengine wakakunja nyuso, na mmoja akasikika akisema, "Kumbe miaka yote hii tumemheshimu mtoro." Liwali mwenyewe akatazama chini.

Ndipo kutoka upande wa wanawake akasogea mama mmoja msokotaji wa sufu, aitwaye Umayma binti Numeri. Alikuwa dada yake Habashi, naye alikaa mjini miaka yote bila kujulikana. Akasimama mbele ya mzee.

"Alikuwa akisoma sura gani?" aliuliza.

Dhakwani akamtajia. Umayma akaufunika uso wake kwa ushungi, akalia, kisha akasema, "Hiyo nilimfundisha mimi. Miaka ishirini najua tu kwamba kaka yangu alikufa pamoja na wengine. Leo umenipa namna alivyokufa." Akawageukia watu. "Mnamwita mtoro? Watoro hawarudi. Huyu alirudi, akamfunika kaka yangu kwa mwili wake mwenyewe. Ee Dhakwani, Mungu akulipe kwa kurudi kwako. Kuanzia leo wewe ni ndugu yangu."

Hapo mji mzima ukalia. Liwali akaamuru lichongwe jina la Habashi bin Numeri. Na chini yake, kwa ombi la Dhakwani, yakachongwa majina ya wote waliokufa siku zile, ambayo familia zilikwenda kuyakusanya kwa askari wakongwe nyumba kwa nyumba. Wakongwe hao walikuwa wengi, wengine wamekaa vibarazani miaka mingi pasipo wa kuwasikiliza. Ikawa ada ya mji ule kwamba kila nyumba humkaribisha mmoja wao siku ya Ijumaa, humsikiliza mpaka amalize, na huwaombea rehema wenziwe waliokufa vitani kwa majina yao. Ama Dhakwani, aliishi miaka sita zaidi, na inasemekana hakukosa mgeni hata siku moja.

Ndugu yangu katika imani, usidhani umeshukuru kwa kuwa umesifu. Waliosimama mbele ya hatari ili sisi tulale salama wamebeba mengi wasiyoyasema, na huenda sifa zetu zikawazidishia mzigo. Mpelekee mmoja wao chakula, tengeneza mlango wake unaogoma kufungwa, waketishe watoto wako karibu naye wajifunze kunyamaza na kusikia. Akikueleza udhaifu wake, pokea na huo kwa heshima. Tunamuomba Mola atujaalie macho ya kuwaona wangali hai, na awarehemu wale ambao majina yao anayajua Yeye peke yake. Amina.