Kioo Chekundu cha Mfalme Chande

Isome hadi mwisho, kisha umtumie yule anayegomba kabla hajasikiliza. Unamjua.

Mfalme Chande hakuogopa vita, ila aliogopa damu. Jioni moja alichungulia kwenye darubini akaona doa jekundu juu ya sayari ya Mshtarii. Alisema hiyo ni damu inayoijia nyumba yake, na akamwapia mnajimu wake, Makungu, kwamba doa lile likiwapo kesho atamkata kichwa.

Makungu alirudi kwake roho mkononi. Doa lile lilikuwapo tangu enzi za babu zake na halikuwa na neno na mtu. Lakini nani angethubutu kumwambia mfalme?

Kesho yake aliweka kioo chekundu kwenye darubini, kama wafanyavyo wanajimu wanapochunguza sayari. Akamweleza mfalme kuwa wekundu ule ni wa kioo tu, yeye atafute doa. Mfalme alitafuta sana. Doa, kwa kuwa nalo ni jekundu, lilikuwa limepotelea humo humo.

Mfalme alifurahi mno, akaamuru madirisha yote ya jumba lake yatiwe vioo vyekundu, asione doa tena maishani. Watu waliona ni upuuzi, lakini kila mtu ana shingo moja. Wakavitia.

Binti yake wa pekee, Mwanakheri, akaanza kukohoa. Alikoholea leso nyeupe, yaya akaitazama asione kitu. Mle ndani leso ilikuwa nyekundu, shuka nyekundu, hata maziwa mekundu.

"Mdomo wangu una ladha ya chuma," mtoto alimwambia.

Yaya aliingiwa na hofu. Lakini neno damu halikutajwa katika nyumba ile, naye hakulitaja.

Asubuhi moja mtoto alibebwa uani kuota jua. Mfalme akaiokota leso iliyomponyoka mtoto. Ilikuwa imelowa damu, mbichi juu ya iliyokauka.

Tabibu alimpima mtoto, akainamisha kichwa. Alisema angeitwa mapema angemponya.

Mfalme akamgeukia Makungu. "Kwa nini ulinificha kwamba kioo chekundu huficha kila chekundu?"

"Nilikuwa naficha shingo yangu, bwana," Makungu alisema huku akilia. "Sikujua naficha na damu ya mtoto."

Mfalme hakumgusa. Aliingia ndani akavunja vioo vyote kwa mikono yake, dirisha baada ya dirisha, na kule uani kikohozi kikaendelea kusikika.

Funzo: Ukiwatisha wanaokuletea habari mbaya, ubaya utakuja vilevile, ila wewe utakuwa wa mwisho kuujua.