Jirani wa Miezi Tisa

Wapo wanaoinamisha macho wakisikia kwamba mficha uchi hazai. Wakunga hawainamishi. Wao wanajua kuwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu akijifunika gubigubi kwa haya, hata mkono wa kumsaidia haumfikii. Na ndivyo ilivyo kwa kila mwenye kuficha linalomsumbua. Chiriku alikuwa binti wa mkunga, lakini somo hilo alilipata ukubwani, tena mbele ya watu mia tatu.

Jina la Chiriku alipewa katika karakana ya sare za shule, alikokuwa fundi cherehani. Mdomo wake ulikwenda mbio kuliko sindano, na wenzake walicheka hadi wakashona mifuko mgongoni mwa mashati. Mmoja wao, aliyekuwa pia msusi, alimpeleka kwenye kikundi cha wanawake wachekeshaji kilichokutana kila Jumamosi chini ya uongozi wa mwalimu mstaafu.

Huko ulimi wa Chiriku ukaingia kutu. Mchekeshaji wa jukwaani husimama peke yake akasimulia maisha yake mwenyewe, naye Chiriku maisha yake alikuwa ameyatia kufuli. Alizaliwa katika jamii ndogo iliyoishi nchini humo kabla ya wengine wote kufika. Mjini waliitwa "watu wa msituni", wakachekwa kwa ufupi wao na kwa lugha yao iliyojaa sauti za kugonga ulimi. Mwenye nyumba wa kwanza alimnyima chumba mara tu aliposikia anatoka wapi. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, Chiriku alisema anatoka mji mwingine. Jukwaani alisimulia mume asiyekuwa naye na mawifi wa kuazima, nao watu wakampigia makofi ya adabu.

"Vichekesho vyako vimeshonwa vizuri, mwanangu," Mwalimu alimwambia siku moja, "lakini ndani ya nguo hamna mtu. Jumamosi ijayo tuna onyesho kubwa. Nitakupa nafasi. Ukija na mambo haya haya, itabidi upumzike kwanza."

Wiki hiyo hiyo mama yake akaja mjini kutolewa mtoto wa jicho. Chiriku alimkumbatia kwa furaha, kisha akamnong'oneza asiseme lugha yao nje ya chumba. Walipokuwa wakirudi kutoka hospitali, mama jicho moja limefungwa bandeji, wakakutana ngazini na mwenye nyumba wa sasa.

"Shikamoo, mama," mwenye nyumba akaamkia, kisha akamgeukia Chiriku. "Mgeni wetu ni nani?"

Chiriku akajibu: "Ni… ni jirani yetu wa zamani."

"Marahaba," mama akaitikia taratibu, akaendelea kupanda ngazi akipapasa ukuta.

Chumbani Chiriku alimimina chai, ikapoa bila kuguswa. Mwishowe mama akasema, "Nimezalisha miaka arobaini. Wanaonipa tabu si waoga, wala si wale wanaopiga kelele. Ni wanaong'ang'ania shuka. Wewe umebeba nini, mwanangu, hata shuka hutaki kuiachia?"

Chiriku akajitia anatafuta sukari, ilhali sukari ilikuwa mbele yake.

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi kwenye ngazi. Chiriku hakuwa amemwalika mama yake. Hata hivyo, alipochungulia kutoka nyuma ya pazia, aliona bandeji nyeupe safu ya pili. Mwenye nyumba, asiyependa kuona mgeni ameachwa peke yake, alikuwa amemshika mkono akamleta.

Wakati huo Msusi, yule fundi mwenzake, ndiye aliyekuwa jukwaani, naye alikuwa akiigiza watu wa msituni. Alikunja magoti, akapayuka, akagonga ulimi kama anayeita kuku. Watu walivunjika mbavu. Mama peke yake alikaa mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

Jina la Chiriku likatajwa. Alipanda jukwaani.

"Wifi yangu…" alianza. Akaiona bandeji. Maneno yakamtoroka yote. Mtu mmoja akakohoa. Pembeni, Mwalimu akatazama saa yake.

Chiriku akavuta pumzi.

"Sina wifi," alisema. "Wala sina mume. Na aliyenitangulia hapa ni rafiki yangu, ameigiza watu wa msituni, amejitahidi. Lakini kuna kosa moja. Sisi hatupayuki hivyo. Ukipayuka msituni, chakula kinakimbia."

Neno "sisi" lilikuwa limefika kabla ya kicheko. Kisha mwanamke mmoja nyuma akaangua kicheko, na wengine wakamfuata.

"Mnasema sisi ni wafupi. Tulifika kwanza! Tukachukua urefu unaotutosha, uliobaki tukawaachia wageni."

Watu wakapiga makofi, safari hii si ya adabu.

"Afisa mmoja alikuja na ramani, akamwuliza babu yangu, 'Mzee, una hati ya ardhi hii?' Babu akamwuliza, 'Na wewe, una hati ya babu yako? Umejuaje ni wako?' Afisa akasema atarudi. Mwaka wa thelathini huu, bado anatafuta."

Ukumbi ulitetema. Chiriku alingoja utulie, maana lililobaki lilikuwa zito.

"Juzi ngazini niliulizwa mgeni wangu ni nani. Ni mama yangu mzazi. Mimi nikasema ni jirani wa zamani." Sauti ikamkwama. "Niliona aibu, na kuona aibu huko ndiyo aibu yangu ya kweli. Lakini nikifikiri, sikudanganya sana. Miezi tisa nilikaa kwake, wala sikulipa kodi!"

Kabla watu hawajamaliza kucheka, sauti ya mkunga ikapaa kutoka safu ya pili: "Na siku ya kuhama ulinisumbua kutwa nzima!"

Hapo ukumbi mzima ulisimama ukishangilia. Mama akaongeza neno moja kwa lugha yao, na yule mwanamke wa nyuma akalijibu kwa lugha hiyo hiyo. Alikuwa mfagizi wa ukumbi, ambaye hakuna aliyepata kumwuliza kwao ni wapi. Chiriku alishuka jukwaani akalia kifuani mwa mama yake, akajihisi mwepesi kama aliyetuliwa gunia la mchanga.

"Mama, nisamehe."

"Nilishakusamehe ngazini. Nilikuwa nangoja usukume tu."

Chiriku akamgeukia mwenye nyumba kwa hofu. "Na mimi chumba changu…?"

"Chumba chako kimefanya nini?" mwenye nyumba akashangaa. "Nilijua toka mwezi wa kwanza. Ukuta wetu ni wa mbao, mwenzangu, nawe unaota kwa sauti kwa lugha yenu. Tena unagombana humo!"

Msusi alikuja amejiinamia. "Mama, sikujua. Nimewakosea."

"Kuigiza si kosa," mkunga akamjibu. "Kosa ni kuigiza vibaya. Keti nikufundishe kugonga ulimi."

Mwalimu hakutaja habari za kupumzika. Alimpa Chiriku nafasi ya kila mwezi, na mwezi uliofuata mfagizi naye akapanda jukwaani, akifuatwa na wanawake wengine wawili wa jamii yao waliokuwa wamejificha mjini miaka yote hiyo, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Kwa miaka sita Chiriku alikuwa amejifunika, asizae hata kicheko kimoja kilicho chake. Alipoiachia shuka, alipata kicheko, rafiki, na mama yake mwenyewe. Kweli, mficha uchi hazai.