Bawaba za Lango la Kipandoni

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Faki, tema huo muwa. Kimya sasa. Tima kaambiwa dukani kwamba yeye si mwanamji, ni wa kuja tu, na neno hilo mimi silali nalo.

Zamani mji wetu huu wa Kipandoni ulizungukwa na ukuta wenye lango moja. Mwanamji alikuwa aliyezaliwa ndani, basi. Wachoma chokaa, waliozijenga nyumba zile nyeupe, waliingia asubuhi, na jua likielekea kuzama wakatolewa nje, kwenye vibanda vyao. Hata maiti wao walizikwa huko nje, na fisi wakawafukua.

Siku moja mwashi mmoja wa vibandani, Makame, alianguka akiupaka ukuta chokaa, akafa. Mkewe, Mize, akaomba azikwe ndani, fisi wasimpate. Mkubwa wa mji, Shee Mbwarali, akakataa.

"Makaburi haya ni ya wanamji, bibi we. Mchukue mumeo, lango lifungwe."

Jeneza likabebwa mpaka langoni. Hapo akawaambia wachukuzi, "Tueni." Wakalitua juu ya kizingiti, kichwa ndani, miguu nje, naye akaketi kando yake.

"Mwondoe, jua linakuchwa!" Shee akafoka.

"Funga tu, Shee. Ukuta kaupaka yeye, mlango nao umbane yeye. Funga, tukuone!"

Bibi yangu akifika hapa alikuwa akiitoa sauti ya Mize yenyewe, nywele zikatusimama.

Nani angembana maiti kwa mlango? Wanawake wa vibandani wakaja wakaketi naye, nyuso nyeupe kwa vumbi la chokaa. Fisi wakaanza kulia karibu, na lango li wazi. Mke wa Shee mwenyewe akapiga kelele dirishani, "Mume wangu, hao fisi watatuuliza tumezaliwa wapi?"

"Haya, mzikeni ndani," Shee akasema.

Mize hakuinuka. "Azikwe kama nani?"

"Kama... mwanamji."

"Kwa sauti. Na wa vibandani wasikie."

Akalisema kwa sauti. Makame akazikwa ndani, na asubuhi wanawake wakaing'oa milango ya lango, wakaitia kwenye tanuri la chokaa iwe kuni. Chokaa iliyochomwa kwa kuni hizo ndiyo iliyopakwa kaburini kwake.

Na tangu siku hiyo, hapa Kipandoni, aliyetoa jasho lake hapa ni mwanamji, haulizwi kazaliwa wapi. Ukoo wa Shee ulirithi bawaba; zingali pale langoni, hazishiki kitu. Sisi wa Mize tulirithi neno lile, mwanamji. Kesho, Tima, rudi nalo dukani.