Kivimbe cha Mama Aloo

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga walimaanisha kwamba kilichofichika hakipatikani kwa kusimama wima na kutupa jicho mara moja. Daktari Lornah aliijua methali hii kabla ya kujua kusoma, kwa kuwa alifundishwa kwa kitana.

Mwalimu wake alikuwa Mama Aloo, msusi wa mtaa wa Mamboleo. Kila Jumamosi Lornah aliketi katikati ya magoti yake. "Inama, nyathina, nione shina," Mama Aloo alisema, akimwita mwanangu kwa Kijaluo, naye mwenyewe akainama hadi pumzi zake zikamtekenya mtoto shingoni. Hakusuka kichwa asichokikagua. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Sasa Lornah alikuwa bingwa wa kuchunguza maradhi katika maabara moja ya Kisumu, na chini ya hadubini yake, juu ya slaidi ya kioo, kulikuwa na kipande cha nyama kilichotolewa shavuni mwa Mama Aloo yule yule. Seli zilikuwa za buluu iliyokolea, zimesongamana, zinagawanyika kwa kasi. Zilifanana na saratani kama shilingi kwa ya pili. Ikiwa ndiyo, keshokutwa daktari wa upasuaji angeondoa nusu ya shavu lile. Lornah aliogopa hata kuishika kalamu.

"Daktari, si hiyo slaidi imeshasema?" aliuliza Wafula, fundi wa maabara. "Watu wa wodi wanangoja majibu."

"Kata ingine, Wafula. Shuka chini zaidi kwa hiyo nta iliyoshika nyama."

Wafula alikata, akatia rangi, huku akinung'unika. Slaidi ya pili, yale yale. Ya tano, patupu. Lornah aliinama mpaka kiuno kikamuuma kama mpanda mpunga wa Ahero. Katika ya tisa akaziona: seli zilizofifia, kila moja ina tundu tupu pale kiini kilipokuwa, kama nyumba iliyohamwa. Kando yake palikuwa na chembe za chokaa. Alama hizo mbili zilimwambia kwamba hii haikuwa saratani. Kilikuwa kivimbe cha shina la unywele, kisicho na madhara. Lornah alilia kwa furaha mbele ya Wafula, wala hakuona haya.

Jioni alikwenda wodini. "Watatoa kivimbe tu, mama. Shavu lako linabaki."

Mama Aloo alifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha akakitazama kichwa cha Lornah.

"Na ni nani alikusuka vibaya hivi? Inama, nyathina."

Daktari mzima akapiga magoti kando ya kitanda, akainama. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.