Bendi ya Pokezana na Mguu wa Bi Tembo

Hapo zamani za kale, enzi hizo Nyati anavaa kofia na Nungunungu anachana nywele, palikuwa na bendi. Cheka tu wewe, lakini wanyama walikuwa na bendi, tena ya kucheza mpaka visigino vinawaka moto.

Bendi hiyo iliitwa Pokezana, na ilikuwa na watu wanne. Kobe alipiga gitaa la besi alilolichonga mwenyewe kwa misimu miwili ya mvua. Nungunungu alipiga ngoma, na vijiti vyake alivitoa mgongoni mwake, kimoja kikivunjika anang'oa kingine. Hondohondo alipuliza tarumbeta. Halafu Kindi, mdogo kuliko wote, mkia mrefu kuliko mwili, kazi yake kayamba. Che-che. Che-che. Basi.

Muziki wao ulianzia kifuani ukateremkia kiunoni. Ukiwa kifuani unakuliza kidogo. Ukifika kiunoni unasahau ulikuwa unalilia nini.

Bendi haikuwa na mkubwa. Ilikuwa na desturi moja tu, na hiyo mnishikie vizuri. Kabla ya kugusa chombo chochote, walikaa chini duara, na kila mmoja akatoa kwa mdomo kile atakachopiga.

"Dum, du-dum," anaanza Kobe.

"Hapo katikati umeniachia nafasi?" anauliza Nungunungu.

"Nimekuachia."

"Basi hapo naingia mimi. Ka!"

"Na mimi nawangoja nyote," anasema Hondohondo, "halafu ndiyo paa-pa."

"Na mimi nitapita katikati ya vidole vyenu," anasema Kindi. "Che-che."

Hiyo waliiita kuambizana. Hata wawe na haraka vipi, hata mvua iwe inakuja, wataambizana kwanza.

Sasa, wazuri hawakosi macho ya kuwatazama. Siku moja mchana, bendi ikiwa uwanjani inafanya mazoezi, walikuja wakubwa watatu: Simba, Kiboko na Nyati. Walisimama. Walisikiliza. Kiboko akaanza kutikisa makalio, akajishtukia, akaacha.

"Hebu simamisheni," akasema Simba. "Muziki mkubwa namna hii unapigwa na viumbe wadogo namna hii? Haiwezekani. Huu ni muziki wa wakubwa. Leteni hivyo vyombo."

Simba akachukua ngoma. Kiboko akachukua gitaa la besi. Nyati akasimama kidogo, akamtazama Simba, kisha akachukua tarumbeta kwa aibu aibu.

"Na hicho?" Simba akaliangalia kayamba la Kindi. "Mbegu ndani ya mabua. Kaa nacho mwenyewe, kitakusaidia kufukuza nzi."

Kobe alilia. Nasema wazi, alilia machozi ya kweli, mzee mzima mwenye mke na watoto. "Misimu miwili," akasema. "Misimu miwili nimekaa na ubao ule mapajani. Mkinichukulia hilo gitaa, mimi nabaki jiwe tu la kukaliwa."

Kindi alimtazama Kobe, kisha akaruka juu ya kisiki ili angalau afike magotini mwa Simba.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba. Sema upesi."

"Vyombo chukueni, nani awazuie? Lakini siku saba kutoka leo ni sikukuu ya mavuno. Sikukuu haifunguliwi mpaka Bi Tembo acheze, mnajua. Tuwekeane sharti. Bi Tembo akicheza muziki wenu, vyombo ni vyenu mpaka wajukuu. Asipocheza, mnaturudishia, na hamtuchukulii tena."

"Na kama tukikataa?"

"Hakuna shida. Watu watasema tu kwamba mliogopa mguu wa bibi kizee."

Nyati akakohoa. Kiboko akatazama pembeni. Simba akasema, "Nani aogope? Nenda kamwite Bi Tembo awe shahidi."

Bi Tembo aliitwa, akalisikia sharti, akaitikia kwa sikio moja. Bibi huyo hakuwahi kumchezea mtu kwa kumwogopa wala kwa kumhurumia. Akicheza, muziki umemgusa. Asipocheza, nendeni mkalime.

Walipobaki peke yao, Hondohondo akamgeukia Kindi. "Wale wana nguvu, dada. Wakijifunza vizuri siku saba, tumekwisha."

"Najua," akasema Kindi. "Ndiyo maana nakwenda kuwafundisha."

"Umerukwa na akili?"

"Nitawafundisha neno moja tu. Na sitamficha hata mmoja wao."

Kesho yake asubuhi, Kindi huyo kwa Simba. Akamkuta anaipiga ngoma uani, gudu-gudu-gudu, vyungu vya mkewe vinaanguka rafuni.

"Bwana mkubwa, unapiga vizuri, ila hujui siri."

"Siri gani?"

"Sogeza sikio. Ngoma ndiyo inayoongoza wimbo. Wengine wote wanakufuata wewe. Ukiona hawakufuati, ongeza sauti."

Simba akatabasamu mpaka meno ya nyuma. "Hilo nililijua siku nyingi," akasema, na ndivyo wanavyosema wote ambao hawakujua.

Kindi akateremka mtoni kwa Kiboko. Kiboko alikuwa amekaa kwenye maji ya magoti, vidole vyake vinene vinahangaika na nyuzi. Dwiii. Dwoo.

"Shikamoo, mzee. Sogeza sikio nikupe siri. Besi ndiyo inayoongoza wimbo. Wengine wote wanakufuata wewe. Ukiona hawakufuati, ongeza sauti."

"Nilihisi," akasema Kiboko. "Mtu wa mwili kama huu afuate nani?"

Jua lilipopinda akafika kwa Nyati. Nyati alikuwa amevua kofia na kukaa, tarumbeta mapajani, na alipomwona Kindi akainuka kumpisha kigoda. Hapo roho ya Kindi ilimsuta kidogo, maana ni vigumu kumdanganya mtu anayekupisha kigoda. Lakini akakumbuka machozi ya Kobe.

"Kaka Nyati, nimekuletea siri. Tarumbeta ndilo linaloongoza wimbo. Wengine wote wanakufuata wewe. Ukiona hawakufuati, ongeza sauti."

Nyati akafikiri. Akafikiri tena. Kisha akauliza swali ambalo Kindi hakulitegemea.

"Je, niwaambie wenzangu?"

Moyo wa Kindi, pa! Akisema "usiwaambie," huo ni uongo wa kumziba mtu mdomo. Akisema "waambie," gitaa la Kobe ndilo limekwenda hivyo.

"Kaka," akasema mwisho, "hilo ni la kwenu. Kwetu sisi, kabla ya kupiga, tunaambizana kila kitu."

Akaondoka. Siku hiyo hakula. Aliporudi aliwasimulia wenzake yote, hata hilo swali la Nyati na jibu alilompa. Kobe akavuta kichwa ndani ya gamba, akasema kutoka humo humo, "Kwa hiyo umewapa na dawa yake."

"Nimempa mmoja," akasema Kindi. "Tuone kama wataimeza."

Siku ya sita wakubwa walikutana kufanya mazoezi. Kindi alijibanza juu ya mti akichungulia. Nyati akavua kofia, akasema, "Jamani, kabla hatujaanza. Mimi nimeambiwa jambo, na ningependa tukae kidogo tuambizane..."

"Tukae?" akasema Simba. "Tangu lini wakubwa wanakaa chini kama kuku wanaoatamia? Kila mtu anajua kazi yake. Au wewe hujui yako?"

"Naijua, lakini..."

"Basi nyamaza. Tena tusipige leo, tusije tukaibiwa wimbo. Tutapiga kesho, wasikie wote."

"Mimi yangu naijua sana," akaongeza Kiboko, akicheka peke yake ndani ya tumbo.

"Na mimi," akasema Simba, akicheka peke yake ndani ya ndevu.

Nyati akavaa kofia yake. Juu ya mti, Kindi akashusha pumzi, halafu akamwonea Nyati huruma, halafu akakimbia kwenda kuwaambia wenzake.

Siku ya mavuno uwanja ulijaa tangu saa tisa alasiri. Swala wamekuja na watoto, ngiri wamekuja na mihogo ya kuchoma, nyani wameshika nafasi za mbele na kukataa kusogea. Bi Tembo akaketishwa katikati, leso mpya begani. Bendi ya Pokezana ilikaa chini pembeni, mikono mitupu, isipokuwa Kindi na kayamba lake. Kobe alifumba macho.

Simba akanyanyua mkono. Gudu!

Pigo la kwanza lilikuwa zuri. Mwongo si mimi, nguvu anazo. Uwanja mzima ulishtuka, na Bi Tembo akasimama. Akainua mguu wa kulia.

"Amecheza?" akanong'ona Kobe, macho bado yamefumbwa.

"Ameinua," akasema Hondohondo. "Nyamaza."

Hapo hapo Kiboko akaingia, dwooo, akamtazama Simba amfuate. Simba hakumfuata. Kiboko akaongeza sauti. Simba akaona besi haimfuati, akaongeza sauti. Nyati akapuliza, akaona hawamfuati wote wawili, naye akakumbuka siri yake. Paaaaaa! Gudugudugudu! Dwoo-dwoo-dwoo! Watoto wa swala wakaziba masikio. Ngiri akadondosha muhogo. Nyani, waliokataa kusogea, walisogea wenyewe mpaka nje ya uwanja.

Na mguu wa Bi Tembo? Ulibaki hewani. Ukaenda mbele, ukarudi nyuma, ukazunguka. Kisha bibi akaushusha polepole, akakaa.

Simba akaitupa ngoma. "Cheza!" akanguruma. "Mbona huchezi?"

"Usinipigie kelele, mjukuu wangu," akasema Bi Tembo. "Mimi nilikuona hujafumbua macho, unatafuta ziwa la mama yako kwa pua. Nimetaka kucheza. Nimeuinua mguu kwa nia njema kabisa. Lakini nimetafuta pa kuuweka sikupaona. Mmejaza kila mahali."

Simba akamgeukia Kiboko.

"Ni wewe! Kwa nini hukunifuata? Ngoma ndiyo inayoongoza!"

"Nani kakwambia? Besi ndiyo inayoongoza!"

"Nimeambiwa na Kindi."

"Hata mimi nimeambiwa na Kindi."

"Na mimi," akasema Nyati taratibu. "Maneno hayo hayo."

Wote watatu wakamtazama Kindi. Simba akapiga hatua moja, na kucha zimetoka. Kindi hakukimbia, ingawa miguu yote minne ilikuwa inataka.

"Ni kweli," akasema. "Niliwaambia neno moja, wote watatu, siku moja. Siri ile ingekufa mngeambizana kwa muda wa kumenya ndizi. Nimelala siku sita nikiogopa kwamba mtaambizana. Mmoja wenu alitaka. Mlimfanya nini?"

Simba akamtazama Nyati, na Nyati akatazama kofia yake.

"Sharti ni sharti," akasema Bi Tembo. "Rudisheni vyombo vya watu."

Kiboko akalirudisha gitaa mwenyewe, kwa mikono miwili, akamwekea Kobe mapajani. Kobe aliupapasa ubao mzima kutafuta mikwaruzo, akaukuta mmoja, akaubusu. Ngoma Simba aliisukuma kwa mguu, lakini aliisukuma upande wa Nungunungu, na kwa Simba hiyo ni adabu. Nyati naye akampa Hondohondo tarumbeta lake.

Mngetegemea Pokezana waruke juu waanze kupiga. Wapi! Wakakaa chini duara, watu wote wanawatazama.

"Dum, du-dum," akasema Kobe.

"Ka," akasema Nungunungu.

"Paa-pa," akasema Hondohondo.

"Che-che," akasema Kindi, na kabla chombo hata kimoja hakijaguswa, leso ya Bi Tembo ilikwisha kuanza kutikisika begani.

Basi wakashika vyombo. Nikueleze nini? Kobe alipiga akaacha nafasi. Nungunungu akaingia kwenye nafasi akaacha nyingine. Tarumbeta likapanda, likanyamaza, na kila palipobaki upenyo kayamba lilipita. Bi Tembo akainua mguu, na safari hii akapaona pa kuuweka. Tii! Vumbi likaruka. Akainua wa pili. Tii! Swala, ngiri, nyani, wote ndani. Kiboko akatikisa makalio na hakujishtukia tena.

Wimbo ulipokwisha, Nyati alikuwa bado amesimama kando ya duara, kofia mkononi.

"Samahani," akasema. "Naweza kukaa?"

Bendi ikatazamana.

"Kuna nafasi," akasema Kindi, akasogea. "Utapiga nini?"

Nyati akafikiri. Akafikiri tena. "Sijui bado. Kwanza nitangoja niwasikie."

Kobe akatoa kichwa chake chote nje, jambo asilolifanya mara nyingi. "Kungoja ndiyo kazi ngumu kuliko zote tulizonazo," akasema. "Kaa, ndugu yangu."

Akakaa, na kofia akaiweka chini. Alipoinuka kucheza wimbo uliofuata akaisahau, wachezaji wakaikanyaga mpaka ikaisha, na tangu siku hiyo Nyati hana kofia wala haiulizii. Mimi nilikuwa mlangoni nashika viatu vya wageni, ndiyo maana najua.

Wasioambizana hudanganywa wote kwa neno moja.