Kinyago cha Mdomo wa Kombo

Hapo zamani, kabla mashamba hayajajifunza kujilima yenyewe, na hata leo bado hayajajifunza, palikuwa na mchongaji aitwaye Litunungu. Alianza na miiko, akaja kwenye vigoda, akafika kwenye vinyago. Kazi yake ilikuwa safi, lakini kila sura aliyochonga ilinuna. Binadamu alinuna. Nyani alinuna. Hata samaki kwenye mpini wa mwiko alionekana kama amefiwa.

Mwaka mmoja maghala yalijaa, na Jumbe akalewa furaha. Akatangaza: "Siku ya ngoma ya kufunga kiangazi, atakayetuchekesha kuliko wote atapewa kinyago cha mpingo. Na mwenye kinyago hicho, shamba lake litalimwa na kijiji kizima kila msimu, mpaka azikwe!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Kulima si mchezo.

Litunungu akapewa kazi ya kukichonga. Akachonga macho, yakanuna. Akachonga mashavu, yakanuna. Alipofika mdomoni, akatokea Kalembo, mtani wake. Na mtani, mnajua, hata msibani ana ruhusa ya kukukejeli, na ukikasirika umevunja mila.

"Litunungu we! Huyo unamchonga au unamzika?"

"Nenda zako."

"Siendi, nangoja matanga. Mmechinja nini?"

Litunungu akacheka. Tumbo likatikisika, mkono ukatikisika, patasi ikateleza, mdomo wa kinyago ukakimbia mpaka sikioni.

"Umeniharibia!" akapiga kelele huku bado anacheka, akakitupa motoni jikoni.

Jikoni alikuwapo mama mkwe wake, Bi Asumini, anapika kunde. Akakitazama kile kinyago, akakichomoa kwa mkono mtupu. "Mimi sichomi kitu kinachonicheka," akasema, akacheka mpaka kunde zikaungua.

Siku ya ngoma wachekeshaji walihangaika. Mmoja akaiga mbuzi, mwingine akamwiga Jumbe. Watu wakatabasamu kwa adabu. Kisha Bi Asumini akafunua kinyago. Lo! Mpiga ngoma akaiangukia ngoma yake. Jumbe akaporomoka kigodani, akaendelea kuchekea chini.

"Kilichotuchekesha ni kinyago," akasema akifuta machozi, "na kinyago hakina shamba. Mwenyewe nani?"

"Mimi," akasema Litunungu. "Mikono ni yangu. Bila mashavu yangu, huo mdomo ungechekea wapi? Na kwa ajili ya kuchonga, shamba langu limekuwa msitu."

"Mashavu yako yalikuwa matangani!" akadakia Kalembo. "Kicheko nilikuja nacho mimi. Nisingefika, mngekuwa mnalia hapa."

Bi Asumini akanyoosha mkono wenye malengelenge. "Mmoja alikosea, mwingine alimkosesha, na wote wawili mngebaki na majivu. Aliyeona ni mimi. Nina wajukuu wanne wanaokula kila siku, na mgongo mmoja wa kulimia."

Litunungu akatazama chini. Nani hujibizana na mama mkwe mbele za watu? Lakini Kalembo akasema, "Bibi, mgongo wako haujachekesha mtu!"

"Wewe ni mtani wa mkwe wangu, si wangu. Funga mdomo."

Jumbe akajaribu kuamua. Akakitazama kinyago, akaanguka tena.

Basi mawingu yameshatanda, majembe yako mabegani, kijiji kizima kimesimama njia panda. Haya, nyinyi mnaocheka: majembe yaelekee shamba la nani?